Platini za pikipiki ya Mzee

(Maelezo haya yalisomwa kwanza redioni katika kipindi chetu cha kila wiki.)

Ndugu msikilizaji, majuma machache yaliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa msikilizaji wetu mmoja wa Mpwapwa. Anasema amerithi pikipiki ya marehemu baba yake, Honda CG 125 ya zamani. Injini yake haitoi moshi wala haigongi. Tatizo lake ni moja tu. Kila baada ya wiki mbili tatu inagoma kuwaka, na fundi akiifungua humwambia neno lile lile: "Platini." Dukani platini hakuna. Sasa anauliza: je, ni kweli kwamba anaweza kuziondoa platini na kufunga ule mfumo wa kielektroniki ulio kwenye pikipiki za bodaboda? Na kama ni kweli, je, ni jambo la busara?

Nimelichagua swali hili kwa sababu mimi mwenyewe nimelipitia, na nilijifunza kwa njia ngumu. Pikipiki ya aina hiyo hiyo niliachiwa na baba yangu, ambaye alikuwa bwana shamba. Mzee yu hai, lakini magoti yamekataa kupiga kiki.

Masika moja, mwezi wa Januari, nilipigiwa simu kutoka nyumbani, kijiji kimoja cha upande wa Kondoa. Mama ana kisukari, na dawa yake ya sindano ilikuwa imekwisha. Nilinunua dawa mjini Dodoma, nikaitia katika chupa ya chai yenye barafu, nikaondoka alasiri. Kwenye lami ya kwenda Kondoa sikupata shida. Barabara hiyo ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa mwezi Aprili 2018, na wasafiri wa zamani wanajua ilivyotuondolea mateso. Lakini kijiji chetu hakiko kwenye lami. Nilipoingia barabara ya udongo, mvua ikaanza, na jua lilipozama pikipiki ikaanza kukohoa. Kabla sijafika korongo la kwanza ikazimika.

Nilifanya alivyonifundisha Mzee. Nilifungua kifuniko, nikaingiza ubavu wa kiberiti, ule wenye unga wa kuwashia, katikati ya platini, nikasugua. Ikawaka. Nikaenda kama kilomita mbili, ikazimika tena. Nikasugua tena, ikaenda mwendo mfupi zaidi. Mara ya tatu nilipiga kiki mpaka jasho likachanganyika na mvua, na korongo nililisikia likianza kunguruma.

Niliisukuma mpaka kwenye senta ndogo yenye vijana wa bodaboda. Mmoja alimulika kwa simu yake akacheka: "Mzee wangu, hii ni ya platini? Mimi tangu nizaliwe sijaziona." Hawakunicheka kwa ubaya, walihangaika nami kwa dakika nyingi. Kibanda cha vipuri kilikuwa bado wazi, na ndani yake nilihesabu visanduku vitano vya CDI vikining'inia msumarini. Kondensa, ambayo ndiyo niliyoihitaji, haikuwepo hata moja. Kijana mmoja alinipakia kwenye pikipiki yake, tukazunguka korongo kwa njia ya juu, tukafika nyumbani karibu saa sita ya usiku. Mama alikuwa amelala, midomo imekauka, akijibu kwa shida. Muuguzi jirani yetu alimpima, akamchoma sindano. Namshukuru Mungu, mpaka asubuhi alikuwa ameanza kunigombeza kwa kuchelewa.

Basi tuanze na swali la msingi. Hizi platini ni kitu gani?

Injini ya petroli hunyonya mchanganyiko wa hewa na petroli, huubana, kisha huhitaji cheche ya plagi ili uwake. Cheche hiyo ni lazima ije kwa wakati wake, mara tu kabla pistoni haijafika juu kabisa. Ikiwahi mno, injini hugonga. Ikichelewa, nguvu hupungua na injini huchemka. Tena cheche inahitaji volti kumi elfu na zaidi ili iruke kwenye pengo la plagi, nayo pikipiki haina umeme wa kiasi hicho.

Unapatikanaje? Umewahi kufunga ghafla bomba la maji yanayokwenda kwa kasi? Bomba hugonga, kwa sababu maji yaliyokuwa mwendoni yamezuiwa kwa mshtuko. Umeme ndani ya koili hufanya jambo linalofanana na hilo. Ukiupitisha katika koili kisha ukaukata ghafla, usumaku uliojengeka huporomoka, na kuporomoka huko huzalisha volti nyingi upande wa pili wa koili, upande wenye nyuzi nyembamba zilizozungushwa mara maelfu. Anayekata umeme huo ndiye platini: vichwa viwili vidogo vya chuma, kimoja kimetulia, kingine kinasukumwa na nundu iliyo kwenye shafti. Kila nundu inapopita, vichwa huachana, na plagi hutoa cheche.

Kwenye pikipiki kama yangu, platini zimekaa nyuma ya gurudumu la sumaku, lile ambalo mafundi huliita magneti, nawe unazichungulia kupitia dirisha la gurudumu hilo. Kando yake kuna kondensa, kikopo kidogo kama kifundo cha kidole. Kazi yake ni kuumeza umeme unaotaka kuruka kati ya vichwa vya platini wakati vinapoachana. Kondensa ikifa, cheche huruka kwenye platini badala ya kwenda kwenye plagi, na vichwa huungua. Ukivisugua vitafanya kazi kidogo tu, kisha vitaungua tena. Hicho ndicho kilichonipata mimi usiku ule: nilikuwa nikisugua kidonda wakati ugonjwa uko mahali pengine.

Utaratibu huu wa koili na platini ni wa zamani. Mmarekani Charles Kettering aliuweka kwenye magari ya Cadillac karibu mwaka 1910, nao ukatumika duniani kote kwa zaidi ya miaka 60. Si utaratibu mbaya. Lakini fikiria kazi yake. Injini ya silinda moja yenye platini kwenye shafti kuu, ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, hufungua platini mara 5,000 kwa dakika hiyo. Kwa saa moja ni mara 300,000. Kwa safari ya saa tatu ni mara 900,000. Kila mara chuma kinagongana na chuma, na kisigino cha platini kinasuguana na nundu. Kisigino kikilika, nafasi kati ya vichwa hupungua. Pikipiki nyingi za Kijapani hutaka milimita 0.3 hadi 0.4. Nafasi ikipungua, platini huchelewa kufunguka, na cheche nayo huchelewa. Ndiyo maana pikipiki ya platini huchoka polepole bila mwenyewe kutambua, mpaka siku inayokataa kupanda kilima.

Hapa kwetu nyanda za kati kuna adui mwingine, nalo ni vumbi. Kiangazi cha Dodoma ni kirefu, upepo wa Julai na Agosti hubeba udongo mwekundu laini kama unga, na vumbi hilo likikutana na tone la mafuta kwenye platini hufanya utando usiopitisha umeme.

Sasa tuje kwenye elektroniki. Herufi zile CDI zimeandikwa kwenye kisanduku cheusi kinachotoshea kiganjani. Ndani yake kuna kapasita, ambayo ni ndugu wa ile kondensa, na swichi ya kielektroniki isiyo na vichwa vya kugusana. Koili moja iliyo chini ya magneti huijaza kapasita hiyo umeme wa volti mia kadhaa. Pembeni ya magneti kuna koili nyingine ndogo ya kutoa ishara. Donge la chuma lililo kwenye ukingo wa magneti likipita mbele yake, koili hiyo hutuma ishara, swichi hufunguka, na umeme wote uliohifadhiwa humwagwa kwa mara moja kwenye koili ya plagi. Hakuna kinachogusana, kwa hiyo hakuna kinacholika. Taimingi ukishaiweka, haihami. Wala jambo hili si geni: Kawasaki H1 ya silinda tatu ilitoka kiwandani na CDI mwaka 1969.

Niseme wazi jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi. Mfumo huu hauongezi nguvu za farasi. Pikipiki yenye platini mpya, kondensa nzima na taimingi sahihi itakwenda sawa na yenye CDI. Unachonunua ni utulivu, yaani nguvu ile ile leo, kesho na mwakani.

Je, vipuri vitoke wapi? Wenye pikipiki za Kiingereza za zamani huagiza seti maalumu kutoka Ulaya. Boyer Bransden wa Uingereza, kwa mfano, wanajulikana kwa seti za namna hiyo. Ni vifaa vizuri, ila vinataka fedha za kigeni, na vingi vinahitaji betri iliyo hai wakati wote. Wenye pikipiki zinazotumia betri na koili wanaweza pia kubaki na platini, wakaongeza kisanduku cha transista kinachobeba umeme mkubwa ili platini zibebe ishara ndogo tu. Hapo vichwa haviungui, ingawa kisigino bado kinalika.

Lakini kwa Honda hizi za CG ipo njia ya tatu, nayo inatokana na historia. CG 125 ilibuniwa katikati ya miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi kama zetu, ambako oili hubadilishwa kwa kuchelewa na mafundi wenye vifaa ni wachache. Wahandisi waliacha mnyororo wa kuendesha vali, wakaweka fito za kusukuma, kwa kuwa ni imara zaidi. Baadaye viwanda vya China vilitengeneza kwa wingi injini za muundo huo huo, zikiwa na CDI. Bodaboda zilipotambuliwa kisheria nchini kwa kanuni za leseni za mwaka 2010, wajukuu hao wa CG walikuwa wamekwisha kujaa mijini na vijijini. Kwa maneno mengine, mjukuu anaweza kumsaidia babu yake.

Fundi wangu wa hapa Dodoma alinikubalia kwa sharti kwamba tupime kwanza, tununue baadaye. Tulifungua magneti ya zamani kwa pula, si kwa nyundo. Magneti ikigongwa, sumaku zake zaweza kupasuka au kudhoofika. Tulikwenda nayo dukani, tukailinganisha tundu lake lenye mshazari na la magneti mpya, na mfereji wa ufunguo pia. Tuliporudi, fundi alipaka wino wa maka peni kwenye ncha ya shafti, akaivika magneti mpya, akaizungusha kidogo, akaitoa. Wino ulikuwa umefutika pande zote. Maana yake imekaa vizuri. Kama ungefutika mahali pamoja tu, tungeirudisha dukani, kwa sababu magneti isiyokaa vizuri hukata ufunguo, na siku hiyo hutaisahau. Usikubali fundi ajazie kwa bati la kopo.

Tulinunua seti nzima: magneti, sahani yenye koili zake, koili ya ishara, kisanduku cha CDI na koili ya plagi. Usichanganye koili ya platini na CDI, maana hazikutengenezwa kwa kazi moja. Koili ya ishara hukaa nje ya magneti, hivyo kifuniko chetu cha zamani kilikataa kufunga, ikabidi tutafute kifuniko cha mtumba chenye nafasi zaidi.

Kuna mambo matano ambayo ningependa uyashike.

Kwanza, uliza kama CDI ni ya magneti au ya betri. Ile ya magneti hufanya kazi hata betri ikifa kabisa, nayo ndiyo inayomfaa mtu wa kijijini. Ukiunganisha moja mahali pa nyingine, haitawaka au utaiua.

Pili, rangi za nyaya. Katika Honda na nyingi za jamii yake, kijani ni ethi, nyeusi yenye mstari mweupe ni ya kuzimia, na nyeusi yenye mstari wa njano huenda kwenye koili ya plagi. Hata hivyo, usiamini rangi peke yake, pima kwa mita. Na kwenye CDI ya magneti, waya wa kuzimia huzima kwa kuguswa na ethi. Ukiupelekea umeme wa betri, kisanduku kitakufa papo hapo.

Tatu, taa. Pikipiki yangu ilikuwa ya volti 6, na sahani mpya ni ya volti 12. Kwa hiyo betri, balbu, honi na kidhibiti cha umeme vyote vilibadilishwa. Mtu asikuambie kwamba ni kazi ya kisanduku kimoja. Sitataja bei, kwa kuwa bei ya leo si ya kesho, lakini hesabu yako ijumuishe vitu hivyo vyote tangu mwanzo.

Nne, hakikisha taimingi kwa taa ya kupimia. Kwenye magneti za Honda utaona alama T, ambapo pistoni iko juu, na alama F, ambapo cheche inatakiwa kutoka injini ikiwa inaunguruma taratibu. Alama F isipolingana na alama ya kwenye injini, usiiendeshe.

Tano, tumia plagi au kofia ya plagi yenye ristansi. Hili nalisema kama mtu wa redio. Cheche ya umeme ni mtambo mdogo wa kurusha mawimbi. Marconi na wenzake walianza kutangaza kwa cheche. Pikipiki isiyo na ristansi hukwaruza redio ya jirani, na mawimbi hayo hayo yaweza kuichanganya CDI yenyewe. Kwenye plagi za NGK, herufi R katika namba ya plagi ndiyo alama ya ristansi.

Tena, kisanduku chenyewe kifungwe mbali na joto la injini, juu ya mpira, na ethi yake ifungwe kwenye chuma kisicho na rangi wala kutu. CDI haina matengenezo, lakini ina kifo. Platini hukuonya kwa kukohoa. CDI mara nyingi hufa ghafla, na ubavu wa kiberiti hauwezi kuifufua.

Nilipoipeleka pikipiki nyumbani, Mzee aliizunguka mara mbili bila kusema neno. Baada ya kupokea shikamoo yangu aliniuliza: "Ikikuzimikia porini utaifungua nini?" Nikamjibu kwamba sitafungua kitu, nitabadilisha kisanduku, nacho kipo kingine chini ya kiti. Akasema: "Sisi tulikuwa tunatengeneza. Nyinyi mnabadilisha."

Maneno hayo yalinikaa kichwani muda mrefu, kwa sababu Mzee hakukosea. Wakati wake, platini zilikuwa ndio ufundi wa kijijini. Kila fundi alikuwa na akiba ya platini na kondensa, na kila mwendesha pikipiki alijua kuzisugua. Mfumo ulikuwa rahisi kwa kuwa vipuri na ujuzi vilikuwa karibu. Leo ujuzi huo umebaki kwa wazee wachache na vipuri vimekwisha. Kilichokuwa rahisi kimekuwa kigumu, na kisanduku kilichoonekana cha kitaalamu mno sasa kinaning'inia kwenye msumari wa kila kibanda.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Mpwapwa, jibu langu ni hili. Kwanza badilisha kondensa ukiweza kuipata, na upime nafasi ya platini kwa geji, kwani huenda unazilaumu bure. Kama vipuri hivyo havipatikani, na kama safari zako ni za kwenda kazini, sokoni au hospitali, funga CDI ya magneti, seti nzima, kwa vipimo. Weka kisanduku cha akiba chini ya kiti. Na ile sahani ya zamani yenye platini usiitupe. Ipake grisi, ifunge kwenye mfuko wa nailoni, iweke. Yangu iko kabatini kwa Mzee. Aliiomba mwenyewe, na nasikia huwaonyesha wajukuu jinsi ya kuisugua kwa kiberiti.

Mpaka wiki ijayo, panapo majaliwa, nawatakia safari njema. Kofia ngumu kichwani, na makorongo yakijaa, subirini.